6D, D750 au 80D? Nimezishika zote tatu na bado nashindwa kuamua

Mvuvi wa Mwanga (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Najua nyuzi za "ninunue kamera gani" zimejaa humu, na nyingi huishia watu wa Canon na wa Nikon kurushiana maneno kama Simba na Yanga. Mimi sikuja mikono mitupu. Wiki tatu zilizopita nimezunguka Dar na kamera tatu zilizotumika: moja ya shemeji, moja ya rafiki, moja nimekodi. Nimepiga nazo vitu vilevile, nikazilaza picha kwenye kompyuta upande kwa upande. Sipigi picha kwa malipo. Nina kazi yangu ya ofisini, kamera ni ugonjwa wa mwisho wa wiki.

Ninachotumia sasa ni Canon 600D, toleo la 2011, na lenzi ile ya 18-55 iliyokuja nayo kwenye boksi, pamoja na 50mm f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, mwanga unaoingia ni mwingi) ya zamani ya plastiki ambayo ikitafuta fokasi inalia kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo. Bajeti ni milioni moja na laki nane, na mama watoto ameshasema haiongezeki hata mia.

Wagombea ni hawa. Canon 6D ni ya 2012, sensa yake (sehemu ya ndani inayonasa picha) ni fulufremu, yaani ukubwa uleule wa filamu ya 35mm, megapikseli 20. Pointi za fokasi ni 11 tu, picha nne na nusu kwa sekunde, skrini haigeuki, flashi ya juu haina. Nikon D750 ya 2014 nayo ni fulufremu, megapikseli 24, pointi 51, skrini inainuka, ina nafasi mbili za kadi. Canon 80D ya 2016 ina sensa ndogo kama ya 600D yangu, ila megapikseli 24, pointi 45, picha saba kwa sekunde, na skrini unaigeuza unavyotaka.

Nilianzia soko la samaki la Feri, saa kumi na mbili asubuhi, pale mwanga wa taa na wa alfajiri unapokutana. Kuna mama mmoja anakaanga samaki kwenye karai kubwa, moshi unapanda, nyuma yake watu wanapandisha bei za nguru. Nilimwomba ruhusa, akasema piga lakini usinizibie wateja. Nikapiga ISO 6400 (ISO ni usikivu wa kamera kwa mwanga) kwa zote tatu. Ya 80D inafaa, ila ukiikuza unaona chenga, yaani vipunje vya ovyo, shavuni, upande wa kivuli. Za 6D na D750 sikuweza kuzitofautisha mpaka niliposoma majina ya mafaili. Tena kwa 6D nilikuwa na 50mm yangu hiyohiyo ya nyuki, na sikuamini kama ni lenzi ileile. Ile mistari midogo ya mafuta kwenye ukingo wa karai ilionekana yote.

Jaribio la pili lilikuwa ndoa ya mtoto wa mjomba, Magomeni. Sebule, ukuta mweupe, taa za tyubu, wanaume wote kanzu nyeupe. Hapo ndipo kamera nyingi hutuangusha sisi watu weusi. Mita ya kamera, ile inayopima mwanga, inadhani dunia nzima ni kijivu. Ikiona kanzu kumi na ukuta mweupe inasema mwanga umezidi, inapunguza, na uso wa bwana harusi unabaki kivuli chenye meno. Makusudi niliiacha ikosee, nikapiga RAW (faili ghafi) kwa ISO ndogo na bwana harusi amekaa karibu na dirisha, halafu nyumbani nikavuta vivuli juu stopu tatu (yaani mwanga mara nane). D750 uso ukarudi kana kwamba hakikutokea kitu. 80D vizuri. 6D uso ulirudi, lakini umekuja na vumbi la chenga za rangi kwenye ndevu na kwenye koti.

La tatu, mpira wa mchangani Jumapili. 80D na 55-250 ya shemeji ilikimbia na winga kama imefungwa kamba. 6D nilipata picha nzuri mbili kati ya arobaini. D750 nilikuwa na lenzi ya 24-120 tu, wachezaji wakatoka wadogo kama sisimizi.

Kwa hiyo nimechanganyikiwa. Kichwa kinasema D750, mfuko unasema 6D, mkono unasema 80D. Wajuzi mje.

Kijiko cha Chumvi

Natega kiti. Weka picha mkuu, hasa ya huyo mama wa karai.

Bwana Shata

Mleta uzi hongera, umefanya kazi ambayo wengi humu hatufanyi, tunasoma tu vipimo na kubishana. Ila hapo kwenye mpira umeteleza. Hukulinganisha kamera, umelinganisha lenzi. 250mm kwenye sensa ndogo ya Canon inakupa mwonekano wa 400mm, maana unazidisha kwa 1.6. D750 umeipa 120. Ni sawa na kumshindanisha wa baiskeli na wa miguu halafu useme wa miguu mvivu.

D750 ukiipa 70-300 inakimbia vizuri tu. Udhaifu wake kwenye mpira ni kwamba zile pointi 51 zimejazana katikati ya picha, hazifiki pembeni. 80D zimesambaa vizuri zaidi kwa sababu sensa ni ndogo. 6D kwa mpira usihangaike nayo: pointi ya katikati tu ndiyo ya kuaminika, nyingine kumi ni mapambo.

Kuhusu zile chenga za kwenye ndevu, hilo umeliona vizuri na lina sababu. Sensa za Canon za kipindi kile zina chenga zilizojificha gizani hata kwa ISO 100. Ukizipandisha zinatoka. Nikon D750, na D610 kabla yake, ni safi sana huko chini, unaweza kukosea eksposha (kiasi cha mwanga) ukasamehewa. Lakini angalia: ukipanda ISO 3200 na kuendelea, faida hiyo inayeyuka, 6D na D750 zinakaa jirani. Ndiyo maana pale Feri hukuona tofauti, na Magomeni ukaiona. Zote mbili umeona kweli.

Pili wa Mkunazini

Salaam kwenu nyote. Mimi nipo Unguja, napiga harusi za kike na mambo ya ngoma, miaka sita sasa, nimetumia 80D kwa muda kabla ya kuhama.

Kaka, umesahau jambo moja kwenye hiyo ndoa ya Magomeni: taa za tyubu. Umeme wetu ni wa 50Hz, kwa hiyo tyubu inawaka na kufifia mara mia kwa sekunde, jicho halioni lakini shata (pazia la kamera linalofunguka kupiga picha) inaona. Ukipiga kwa kasi, picha moja inatoka nyeupe, inayofuata ya manjano, ya tatu nusu yake giza. 80D ina kipengele cha kusubiri taa ifike kileleni ndipo ifyatue, 6D na D750 kwenye picha za kawaida hazina. Kwa hizo mbili dawa ni kushuka hadi 1/100 au 1/50 ya sekunde na kuomba maharusi watulie.

La pili, na hili nalisema kwa uchungu: fangasi. Sisi watu wa pwani unyevunyevu unatula taratibu. Nilinunua 70-200 iliyotumika, duka silitaji. Nje inang'aa, muuzaji ameipiga mafuta kabisa. Sikuimulika. Miezi miwili baadaye picha zote za dhidi ya mwanga zikawa na ukungu kama mtu amepumulia kioo. Nikaitazama kwa tochi ya simu kutokea nyuma, nikaona vijinyuzi vimetambaa kwenye kioo cha ndani kama mizizi ya mchicha. Fundi akaniambia naweza kusafisha, ila imeshakula rangi ya kioo. Pesa imekwenda.

Tangu hapo lenzi zangu zinalala kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, na vipakiti vya silika. Mchele msiweke, mnaosikia huko mitaani, unaleta vumbi na wadudu.

Kioo Kimekufa

Mnanishangaza. Mwaka gani huu bado tunabishania DSLR, hizi kamera zenye kioo ndani? Canon na Nikon wenyewe wameshahamia kamera zisizo na kioo tangu 2018, walipotoa EOS R na Z6 na Z7. DSLR kubwa za mwisho, 1D X Mark III na D6, ni za 2020. Unanunua kitu ambacho mwenyewe ameshakizika. Ongeza kidogo uchukue Canon RP, fulufremu, megapikseli 26, fokasi inakamata jicho la mtu lenyewe. Hutajuta.

Mvuvi wa Mwanga

Mkuu Kioo, hiyo "ongeza kidogo" ndiyo iliyovunja ndoa nyingi.

Dada Pili ahsante sana, ile picha ya manjano ninayo! Nilidhani kadi imekufa.

Bwana Shata

Kioo hajakosea, ila amesema nusu. RP ni kamera nzuri, lakini kipimo cha kiwanda cha betri yake ni picha 250. 6D ni 1,090, D750 ni 1,230, 80D ni 960. Kwenye DSLR unachungulia kupitia kioo na lenzi, umeme hautumiki, unaweza kukaa porini kutwa nzima ukimsubiri furukombe ashuke. RP ukichungulia tu inakula. Na kuzikwa kwa DSLR ndiko kumezishusha bei. 6D ilipotoka bodi peke yake (kamera bila lenzi) ilikuwa dola 2,099. D750 dola 2,299. Leo mtu wa ofisini mwenye milioni moja na nusu anaishika. Waache wazike, sisi tuokote.

Jambo jingine la kumfariji mleta uzi: ukibaki Canon, lenzi zote za EF (mfumo wa lenzi wa Canon), hata za 1987 mfumo ulipoanza, zina mota ndani yake. Siku ukipata hela ya EOS R unaweka adapta na zote zinafanya kazi pamoja na fokasi. Nikon si hivyo. Lenzi zao za zamani za AF-D zinaendeshwa na mota iliyo ndani ya bodi. D750 inayo, D7200 inayo. D3000 na D5000 na ndugu zake wote hawana, na adapta ya FTZ, ya kuziweka kwenye kamera za Nikon Z, haina. Anayeuziwa D5300 na 50mm f/1.8D kwa bei ya kutupa ajue fokasi atazungusha kwa mkono.

Kijiko cha Chumvi

Hilo la mwisho limeniuma. Ndicho nilichouziwa mimi.

Mzee wa Nega

Wanangu hamjambo. Nimesoma uzi wote na miwani miwili.

Mimi nilianza na Zenit, nikaja Nikon FM2. Roli moja ilikuwa picha 36. Ukifyatua ovyo, mshahara unaishia kwenye beseni la dawa chumba cha giza. Kwa hiyo mimi ni mtu wa Nikon, na ningependa kijana achukue D750, maana lenzi yangu ya 105mm f/2.5 ya kuzungusha kwa mkono naiweka pale, naingiza urefu wake kwenye menyu, na mita inafanya kazi. Nikiiweka kwenye D5300 ya mjukuu mita inakaa kimya.

Lakini sitamshauri hivyo, kwa sababu hajatuambia anapiga nini. Ametuambia alipojaribu kamera. Samaki, ndoa, mpira. Hivyo ni vitu alivyovitafuta ili ajaribu. Kijana, una 600D tangu lini? Fungua kompyuta. Chukua picha zile tu ulizozipenda, zile ulizomtumia mtu au ulizochapisha, zilizobaki achana nazo. Kila picha ndani yake imeandika urefu wa lenzi na ISO. Hesabu. Halafu urudi hapa.

Mvuvi wa Mwanga

Shikamoo mzee wangu. Naingia kazini.

Msafiri wa Sharjah

Wakati tunamsubiri: anayetaka kuletewa kutoka huku Emarati, zilizotumika zipo nyingi na safi, watu wa huku wananunua, wanapiga mara mbili jangwani, wanauza. Tatizo ni mchanga. Zungusha kila gurudumu na kila pete ya lenzi ukiwa umeiweka sikioni. Ukisikia kama mtu anatafuna kashata, rudisha. Na dhamana ya huku haikusaidii ukifika Kariakoo.

Mvuvi wa Mwanga

Nimerudi. Imenichukua usiku mbili.

Picha zote kwenye diski ni 4,126 tangu 2015. Nilizozipenda kweli, nikijibana, ni 212. Kati ya hizo 139 nimepiga kwa ile 50mm ya nyuki. Zaidi ya nusu ni ISO 1600 au juu yake. Karibu zote ni watu, tena watu wa karibu: bibi akipepeta mchele, watoto kwenye mwanga wa kibatari umeme ulipokatika, mafundi cherehani wakiwa barazani jioni, jamaa wa bao pale Kinondoni.

Mpira: tisa.

Tisa wakuu! Na mimi nilikuwa nimeshafika mahali pa kununua kamera kwa ajili ya hizo tisa.

Mandhari za kuhitaji kuvuta vivuli stopu tatu, kumi na nne, nyingi ni machweo ya Bagamoyo yanayofanana.

Mzee wa Nega

Marahaba. Sasa tunaweza kuzungumza.

Pili wa Mkunazini

Hapo umejijibu, ni 6D. Uso wa mtu, mwanga hafifu, pointi ya katikati. Zote tatu zimeandikwa fokasi ya katikati inafika -3EV, yaani karibu na mwanga wa mbalamwezi, kwa hiyo hapo hakuna anayekushinda. Ila ujue ukiweka fokasi kwa pointi ya katikati halafu ukasogeza kamera kupanga picha, kwa f/1.8 na mtu aliye karibu, jicho linaweza kutoka kwenye fokasi. Jizoeze kusogea kidogo tu, au panga picha pana kisha ukate.

Bwana Shata

Nakubaliana na dada, na naongeza tahadhari mbili.

Kwanza, 18-55 yako ni EF-S, ya sensa ndogo, haiingii kwenye 6D kabisa, kitako chake kimeingia ndani zaidi na kingegonga kioo. Kwa hiyo ukinunua 6D unabaki na lenzi moja.

Pili, hiyo 50mm uliyoipenda miaka yote haikuwa 50. Kwenye 600D ilikuwa inakupa mwonekano wa 80mm. Ukiiweka kwenye 6D itakuwa pana ghafla, bibi atarudi nyuma, ukuta na kabati vitaingia kwenye picha, utasema kamera imeniharibia. Kinachokufaa ni 85mm. Ile EF 85mm f/1.8 imekuwepo tangu 1992, iliyotumika inapatikana, na fokasi yake haina nyuki. Kasoro yake ni zambarau kwenye kingo ukipiga kitu cheupe dhidi ya giza kwa f/1.8. Kanzu, kwa mfano. Funga hadi f/2.8, inapungua sana.

Kioo Kimekufa

Bado nasema RP.

Mvuvi wa Mwanga

Nimepata tangazo la 6D, jamaa yuko Mbezi. Niangalie nini?

Bwana Shata

Nenda mchana, nenda na kadi yako, kompyuta na waya wa USB.

Idadi ya mifyatuo: Nikon huiandika ndani ya kila picha, muuzaji akikutumia picha moja ghafi unaiona. 6D haiandiki, inabidi uiunganishe kwa waya na programu ya kusoma. Shata ya 6D imepimwa kwa mifyatuo laki moja, ya D750 laki moja na nusu. Si kwamba ikifika inakufa, kuna zilizokwenda mbali zaidi, lakini aliyefika elfu tisini asikuuzie kwa bei ya elfu ishirini. Na kwa wanaofuata D750: Nikon yenyewe ilitangaza kwamba baadhi za mwanzo shata yake ina hitilafu na ikazitengeneza bila malipo, kwa hiyo soma namba iliyochapwa chini ya kamera kabla hujatoa hela.

Uchafu wa sensa: weka f/16, piga ukuta mweupe au anga, fokasi iwe imekosewa makusudi. Madoa meusi laini ni vumbi, yanasafishika. Mstari mkali usiohama ni mkwaruzo, aga uondoke.

Ondoa lenzi utazame mzingo wa chuma unaoshika lenzi. Ukiwa umechubuka sana hadi rangi ya shaba inaonekana, ilikuwa kamera ya kazi, harusi tatu kwa wiki. Angalia skrubu za chini: kichwa kilichotafunwa maana yake imefunguliwa na mtu asiye na bisibisi sahihi. Fungua mlango wa betri ndani, tafuta kutu ya kijani, hiyo imekunywa maji ya bahari. Betri yenyewe iwe LP-E6. Feki zinavimba, zikishavimba ndani hazitoki.

Na hilo la dada Pili usisahau. Tochi ya simu, kila lenzi, mbele na nyuma.

Mvuvi wa Mwanga

Wakuu, imeingia ndani.

Mifyatuo elfu arobaini na moja na kidogo. Sensa ilikuwa na madoa matatu, mawili yametoka kwa pampu ya mpira. Raba ya kushikia upande wa dole gumba ilikuwa imeachia, muuzaji akaniambia "hiyo ni gundi tu", na kweli ilikuwa gundi tu. 85mm nimeipata kwa mtu mwingine, nikaimulika mpaka mwenye nayo akaniuliza kama natafuta majini. Bodi na lenzi vimekula milioni moja, laki saba na nusu. Elfu hamsini iliyobaki nimeirudisha nyumbani ili amani itawale.

Jana nimerudi Feri kwa yule mama wa karai. Amenikumbuka, akasema leo huna haraka. Nimempiga picha thelathini hivi, 1/200, f/1.8, ISO 2500, moshi nyuma yake umekuwa kama pamba.

Tatizo: karibu zote fokasi iko sikioni. Naweka pointi kwenye jicho, kamera inapiga bipu, kumbe kilichokaa sawa ni hereni. Wala sisogezi kamera baada ya kufokasi. Je nimeuziwa mbuzi kwenye gunia?

Kioo Kimekufa

Hahahaha. Nilisema. Kwenye zisizo na kioo huo ugonjwa haupo, sensa yenyewe ndiyo inayotafuta fokasi.

Bwana Shata

Kioo leo ana haki ya kucheka, lakini tiba ipo. Kwenye DSLR kuna kioo kidogo nyuma ya kile kikubwa, kinashusha mwanga hadi kwenye kipimo cha fokasi kilichopo sakafuni. Lenzi ya mtu mmoja na bodi ya mtu mwingine zinaweza kutofautiana milimita kadhaa. Kwa f/8 huoni. Kwa 85mm f/1.8 kutoka mita moja, unene wa fokasi ni sentimita moja na nusu tu hivi, unaona.

600D yako haikuwa na marekebisho ya kusogeza fokasi mbele au nyuma, 6D inayo, kutoka -20 hadi +20, na inakumbuka kila lenzi peke yake. Tafuta boksi la dawa lenye maandishi madogo, liegeshe wima mezani. Pembeni yake lala rula kwa mshazari wa nyuzi 45, namba ya katikati ikae sawasawa na uso wa boksi. Kamera kwenye tripodi, mita moja na nusu, f/1.8, pointi ya katikati kwenye boksi. Piga, zungusha fokasi iharibike, piga tena, mara tano. Soma rula ni wapi pameng'aa. Ikiangukia nyuma ya boksi, punguza upande wa hasi, ikiangukia mbele, ongeza. Usiamini picha moja.

Mzee wa Nega

Sikio liko nyuma ya jicho. Utakwenda hasi.

Mvuvi wa Mwanga

Nimetumia boksi la Panadol na rula ya mwanangu. Kwenye sifuri ilikuwa inaangukia karibu sentimita mbili nyuma, mara zote tano. Nikaenda -4, bado. -10, ikaruka mbele. Nimetulia -7.

Leo asubuhi kabla ya kazi nimepitia tena pale Feri. Kope za yule mama zinahesabika. Anataka nakala iliyochapwa, kubwa, ya kutundika juu ya karai, na amesema nisipoileta nisikanyage tena.

Kijiko cha Chumvi

Sasa weka picha.